ThinkPad T480 ya mtumba kwa Linux: kagua betri na matundu kabla hujatoa pesa

Assalaam alaykum watazamaji, karibuni. Mezani leo ipo ThinkPad T480, laptopi ya mwaka 2018, ya mtumba, aina hizi zinazoshuka na boti kutoka Dar na kupangwa kwenye vioo vya maduka Darajani na Mlandege. Mtu wa Unguja au Pemba anayetaka kupiga Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, aichukue? Aichukue, ila asimsikilize sana muuzaji. Muuzaji atakusomea prosesa na ukubwa wa diski. Diski unabadilisha kwa dakika kumi. Mtihani wa mashine hii uko kwenye betri, kwenye matundu ya chaji na kwenye pasiwedi ya BIOS (programu ya ndani inayoamka kwanza ukiwasha), na hivyo vitatu hakuna anayekusomea.

Kabla ya yote soma jina vizuri. T480 na T480s zinafanana jina tu. Yenye herufi s ni nyembamba, RAM yake nyengine imegandishwa kwenye bodi na nafasi ya kuongeza ni moja, tena haina betri ya nje ya kuchomoa. Hii isiyo na s ina nafasi mbili za RAM za DDR4, na kwa maandishi ya Lenovo inafika GB 32. Ndani mara nyingi utakuta i5-8250U au i5-8350U, zote za koa 4, yaani viini vinne vya kufanyia kazi ndani ya prosesa. Tofauti yao kwa matumizi ya nyumbani hutaiona, usiongezewe bei kwa ajili yake.

Haya, uko dukani. Washa, kisha bonyeza F1 mfululizo mpaka uingie BIOS. Ikikuomba pasiwedi ya msimamizi na muuzaji hana, funga mashine, mrudishie, ondoka. Utaambiwa "fundi ataitoa, anachomoa betri ndogo ya bodi." Si kweli kwa ThinkPad hizi. Pasiwedi hiyo imehifadhiwa kwenye chipu yenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kwa hiyo ile betri ya saa uichomoe hata wiki nzima, haibadilishi kitu. Ukiwa humohumo ndani angalia pia kipengele cha Computrace kwenye ukurasa wa usalama. Kikiwa kimewashwa, mashine bado inaweza kufuatiliwa na kampuni iliyokuwa nayo mwanzo.

Sasa matundu, na hapa nitakaa kidogo. Ubavu wa kushoto una USB-C mbili. Moja ni ya kawaida, ya pili ni Thunderbolt 3, yenye umbo lilelile ila kasi kubwa zaidi, na zote mbili zinachaji. Programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt iliyokuja na mashine za mwanzo ilikuwa na kasoro: ilikuwa inaandika kumbukumbu bila kupumzika kwenye chipu ndogo ya flashi, na flashi ina kikomo cha mara za kuandikwa. Ikifika kikomo, tundu linakufa. Dalili zake zinachanganya, maana si lazima uone kosa la USB. Pengine mashine haichaji kwa USB-C, pengine HDMI haitoi picha kabisa, pengine inaganda pale inapowaka. Lenovo walitoa apdeti ya kurekebisha mwaka 2019, lakini apdeti inazuia ugonjwa, haifufui chipu iliyokwisha kufa. Kwa hiyo njoo na chaja ya USB-C ya wati 45 au 65 yenye kutoa volti 20, ichomeke tundu la kwanza, subiri taa, hamisha la pili, subiri tena. Kichaja cha simu hakitoshi kwa kipimo hiki, kwa sababu vingi havifiki volti 20 na utailaumu mashine bure. Halafu chomeka HDMI kwenye televisheni yoyote iliyopo dukani. Muuzaji akikataa kipimo cha dakika tatu, ushapata jibu lako.

Baada ya kununua, ukishapiga Linux, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `fwupdmgr refresh` kisha `fwupdmgr get-updates`. Apdeti za BIOS za T480 zinapatikana kwa njia hii bila kuhitaji Windows. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe na chaji. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS bila betri, unabaki na ubao wa kukatia vitunguu.

Tuje kwenye betri, ambazo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuitaka mashine hii huku kwetu. Zipo mbili. Ya ndani ni ya takriban Wh (wati-saa) 24. Ya nyuma inachomoka kwa kidole, na inauzwa kwa saizi tatu, Wh 24, 48 na 72. Hiyo ya 72 ina nundu chini, inainua mgongo wa mashine. Wengine hawaipendi, mimi naona inaandikika vizuri zaidi. Mashine inamaliza kwanza ya nyuma, kisha inahamia ya ndani. Maana yake unaweza kuchomoa ya nyuma iliyokwisha na kupachika nyengine huku kazi inaendelea. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kikiwa gizani kwa hitilafu ya kebo ya baharini, hawahitaji kuhubiriwa faida ya kitu kama hiki.

Ila betri za mtumba ni mtumba kweli. Usiamini asilimia ya pembeni ya skrini, hiyo ni asilimia ya kilichobaki, si ya kilichokuwepo ikiwa mpya. Beba flashi ya USB yenye Linux Mint, moja ya aina za Linux, bonyeza F12 wakati wa kuwasha, chagua flashi, fungua terminali, uandike:

`cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full`
`cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design`

Gawa ya kwanza kwa ya pili. Ukipata 12000000 juu ya 24000000, betri imebaki nusu ya uwezo wake wa upya. Rudia na BAT1, ndiyo ya nyuma. Hesabu ya saa ni nyepesi: kwa kuandika na kusoma mtandaoni mashine inakula kama wati 8, basi Wh 48 nzima zinakupa saa 6, na Wh 48 zilizochoka nusu zinakupa 3. Ya nyuma ikiwa imekufa usiogope, inabadilishika na inaingiliana na ya T470. Ya ndani ikiwa imevimba, usichukue mashine. Ilaze juu ya meza tambarare: ikicheza, au eneo la kupapasia la kipanya limenyanyuka, kuna kitu kinasukuma kutoka ndani.

Ukishakuwa nayo, weka TLP, programu ya kutunza betri: `sudo apt install tlp`, fungua `/etc/tlp.conf`, weka START_CHARGE_THRESH_BAT0=75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80, na hivyohivyo kwa BAT1, yaani ianze kuchaji ikishuka chini ya 75% na iache ikifika 80%. Betri ya lithiamu inayokaa 100% kwenye joto la kaskazi inazeeka upesi, na dawati karibu na dirisha hapa mjini ni joto mchana kutwa. Siku ya safari ya Pemba andika `sudo tlp fullcharge BAT1`, inajaza mara hiyo tu. TLP na power-profiles-daemon, programu nyengine ya kusimamia umeme, zinagombana, bakisha moja.

Kuhusu umeme kurudi kwa kishindo: chaja inakubali volti 100 mpaka 240, lakini mruko wa sekunde ya kwanza unaweza kupita hapo. Kwa vile una betri, umeme ukikatika chomoa chaja ukutani, uirudishe dakika tano baada ya taa kuwaka. Ni bure na inashinda vifaa vingi vinavyouzwa.

Kuifungua sasa. Usianze na bisibisi, anza na BIOS: Config, Power, Disable Built-in Battery. Mashine inajizima na betri ya ndani inakatwa mpaka utakapochomeka chaja tena. Wengi wanaruka hatua hii, skrubu inaangukia kwenye bodi yenye umeme, na hapo ndipo "ilikuwa nzima, nimeifungua tu" inapoanza. Chomoa betri ya nyuma, legeza skrubu za chini. Hazitoki nje, zimeshikiliwa na kifuniko, kwa hiyo usizivute. Kifuniko kinashikwa na vimeno vya plastiki. Tumia kadi ya zamani ya benki, usitumie kisu.

Unachokitafuta ndani ni chumvi. Kwenye nyumba za pwani, Nungwi au Makunduchi, hewa inaingia na feni, chumvi inakaa juu ya chuma, na chumvi inavuta unyevu. Unyevu wenye chumvi unapitisha umeme, penye volti panaota kutu ya kijani. Angalia ncha za RAM, skrubu za kipoza joto na soketi ya skrini. Ukungu mdogo kwenye ncha za RAM unafutwa kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya 99%. Manukato hapana, mafuta ya taa hapana, na kupuliza kwa mdomo ni kuongeza maji. Kutu ikiwa imeshaingia chini ya chipu, hiyo rudisha. Wakati wa masika mashine isiyotumika iwashwe saa moja kila wiki, joto lake lenyewe linafukuza unyevu.

Upande wa Linux wenyewe hakuna vita. WiFi ya Intel, sauti, kamera na kulala kwa kufunga mfuniko vinafanya kazi bila kugusa kitu. Kinachokataa ni kisoma alama ya kidole: andika `lsusb`, ukiona 06cb:009a, libfprint, programu ya kawaida ya Linux ya kusoma vidole, haikitambui, unahitaji python-validity. Kwangu haina thamani ya jioni nzima. Tundu la simkadi nalo lisikudanganye. Linaweza kuwepo na modemu isiwepo, kwa sababu modemu ilikuwa ya kuagiza.

Intaneti ya simu ipitishe kwa waya wa USB. Washa kushiriki intaneti kwenye simu, Linux inaiona kama mtandao wa waya, na kuta nene za mawe za Mji Mkongwe hazina la kusema hapo. Kumbuka tu simu inajichaji kwa betri ya laptopi. Faili la Mint Xfce, toleo jepesi la Mint, ni karibu GB 3, lipakue kwa `wget -c` ili bando likikatika liendelee lilipoishia, na ulihakiki kwa `sha256sum` kabla ya kuandika kwenye flashi. Nusu ya "Linux imekataa kuingia" ni faili bovu. Kisha zima apdeti za kiotomatiki kwenye kidhibiti cha apdeti, uzifanye mwenyewe ukiwa na bando la usiku.

Skrini, ikague kwa `xrandr`. Ikisema 1366x768, omba bei ipungue, maana nyingi za hivyo zina rangi zilizopauka ukiinamisha kidogo tu. Ya 1920x1080 ndiyo ya kushikilia.

La mwisho ni T470, inayokaa pembeni yake kwenye kioo hichohicho. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaanzia prosesa za kizazi cha nane, kwa hiyo T470 ya kizazi cha saba imeporomoka bei na T480 imeshikilia. Linux haina habari na hilo. T470 ina koa 2 badala ya 4, lakini RAM ni nafasi mbili zilezile na betri ya nyuma ni ileile. Mwanafunzi wa skuli wa kuandika na kujifunza Python achukue T470, na chenji anunue betri ya Wh 72. Anayejenga programu kutoka kodi yake (compile) au kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, hapo T480.