Mizani ya RCBS 5-0-5: Ya Polepole, Lakini Haifichi Kitu

Kwa anayejaza risasi zake mwenyewe nyumbani, kwa ajili ya kulenga shabaha au kuwinda, kifaa kinachozungumzwa sana ni mashine ya kubana, ile yenye mkono wa chuma inayorudisha ganda lililotumika katika umbo lake na kukaza kichwa cha risasi mahali pake. Mashine hiyo inastahili sifa zake, lakini ikikosea, kosa lake huonekana kwa macho: ganda limebonyea au kichwa kimekaa upande. Kosa la mizani halionekani. Ganda lenye baruti pungufu na lenye baruti iliyozidi hufanana kabisa yakishafungwa, na tofauti yake hujitokeza pale tu kidole kinapovuta kifyatulio. Baruti ikizidi, shinikizo hupanda kupita uwezo wa chuma. Ikipungua mno, kichwa cha risasi huweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua.

Ndiyo maana tathmini hii inahusu mizani, tena ya mtindo wa zamani: RCBS 5-0-5, isiyo na betri wala kioo cha tarakimu. RCBS, kampuni ya vifaa vya kujazia risasi, ilianzishwa mwaka 1943 na Fred Huntington huko Oroville, California, na mizani hii ilitengenezwa kwa ajili yake na Ohaus, kampuni ya Marekani ambayo kazi yake hasa ni mizani za maabara. Asili hiyo ya maabara inaonekana katika kila sehemu ya kifaa.

Kipimo chake ni greni, ambayo ni takriban miligramu 64.8, na pauni moja ina greni 7000. Mkono wa mizani una vitelezi vitatu, yaani vipande vya uzito vinavyosogezwa juu yake: kikubwa kinachohama kwa hatua za greni 10 hadi 500, cha pili kinachokamilisha greni moja moja hadi 10, na kidogo kabisa cha sehemu za kumi za greni. Ukijumlisha vyote unapata kikomo cha greni 511, ambacho kwa baruti ni zaidi ya mahitaji, ila humfaa anayetaka kupima pia vichwa vya risasi na kuvipanga kwa uzito. Usahihi wake ni sehemu moja ya kumi ya greni. Kwa bunduki inayotumia greni 40 za baruti, hiyo ni robo ya asilimia moja, jambo lisilostahili kumkosesha mtu usingizi; kwa bastola inayotumia greni 5, sehemu hiyo hiyo ni asilimia 2, na hapo ndipo mizani hafifu huanza kuwa hatari.

Mkono huo umeegemea makali mawili ya chuma yaliyokaa juu ya vitako vya akiki, jiwe gumu lisilolika upesi. Kinachopendeza zaidi, hata hivyo, ni jinsi unavyotulia. Mizani ya kawaida ya mkono huyumba muda mrefu kabla ya kusimama, lakini katika hii kuna kipande cha shaba kinachopita katikati ya sumaku. Sumaku haivuti shaba, kwa hiyo uzito hauathiriki hata kidogo. Ila shaba inapotembea, umeme mdogo huzaliwa ndani yake na kuupinga mwendo huo, na mwendo ukikoma upinzani nao hutoweka. Ukidondosha punje za mwisho kwenye kitanga, ncha hupanda, husita kidogo, kisha hukaa kwenye mstari.

Wengi watauliza kwa nini mtu ahangaike na vitelezi ilhali mizani za kielektroniki zimejaa. Za daraja la juu ni nzuri kweli. Tatizo ni zile za bei nafuu, ambazo huhitaji kuwashwa muda kabla ya kutumika, huyumbishwa na mabadiliko ya joto la chumba, na, baya kuliko yote, nyingi zimeundwa zijirudishe zenyewe kwenye sifuri zinapohisi badiliko dogo la polepole. Kumimina baruti punje kwa punje ni badiliko dogo la polepole hasa, hivyo kitanga huongezeka uzito huku tarakimu zikibaki palepale. Mizani ya mkono haina ujanja wa namna hiyo. Ikichafuka au ikiguswa na upepo, huonyesha waziwazi kwamba haitulii.

Haikosi udhaifu, na udhaifu wake ni wa jamii nzima ya mizani za mkono. Ni ya polepole, na mwenye haja ya mamia ya risasi za bastola kwa kikao kimoja atapendelea kipimia baruti cha ujazo, huku mizani ikibaki ya kukihakiki kila baada ya maganda machache. Feni ikiwa inazunguka karibu, afadhali kazi iahirishwe. Ncha isomwe macho yakiwa usawa wake, kwa hiyo mizani iinuliwe kwenye rafu badala ya kuwekwa chini mezani. Na kitelezi kikubwa kikikaa mkato mmoja mbele ya pale kinapotakiwa, mizani itasawazika vizuri kabisa kwa greni 10 zaidi, kosa ambalo kwa bastola halisameheki. Vitelezi visomwe upya kila kikao kinapoanza, na maganda yamulikwe kwa tochi kabla ya kufungwa ili kulinganisha kina cha baruti. Kiasi chenyewe kitoke katika jedwali la mtengenezaji wa baruti, kamwe kisitoke katika masimulizi ya watu.

RCBS sasa inauza mizani ya mkono ya M500, yenye kikomo cha greni 505, kwa hiyo 5-0-5 hutafutwa zaidi miongoni mwa zilizokwisha kutumika. Anayeinunua aikague kwanza makali: yakiwa na kutu au meno, aiache. Kisha asawazishe sifuri kwa skrubu ya mguuni, aweke jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana, asome, auinue mkono na kuurudisha, asome tena. Ncha ikirudi mahali pale pale kila mara, mizani ni nzima. Isipofanya hivyo, asafishe makali na vitako kwa brashi kavu kabla ya kukata tamaa, kwani mara nyingi ni vumbi tu. Mafuta yasitumike, maana hulinasa vumbi hilo na kulikusanya.