Pipi tatu badala ya mia tatu: uzoefu wangu na supamaketi ya hapa Tanga

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa kaunta ya nyama, aliyeniamkia na kunikatia nyama nilivyotaka. Waliobaki sina hamu nao. Jina la supamaketi silitaji.

Juzi kati nilikwenda kumnunulia mume wangu unga wa ngano isiyokobolewa na vitu vingine viwili vitatu. Hesabu ikaja 14,700. Nikatoa 15,000. Keshia akanipa risiti na pipi tatu. Hakusema "samahani mama, sina chenji", wala hakuniuliza kama nazitaka. Mume wangu ana kisukari, kwangu pipi haivuki mlango. Nikamwambia, mwanangu, naomba mia tatu yangu. Akageuza uso, akamwita mteja wa nyuma.

Nikachukua kiberiti pale pale karibu na mashine, nikakiweka kaunta pamoja na zile pipi. Basi nilipie hiki. "Pipi hatupokei, mama." Jamani! Akitoa yeye ni pesa, nikitoa mimi si pesa. Msimamizi akaja, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, shikamoo hana, akapaza sauti foleni nzima isikie: "Mama, mia tatu ndiyo unasimamishia watu? Siku nyingine njoo na hela kamili."

Mia tatu ni yangu. Duka likikaa nayo linadaiwa, na anayedaiwa hapandishi sauti. Hilo ndilo lililonichoma mpaka usiku sikulala vizuri, kwa sababu maduka haya makubwa tumeyaona yakifa, na yanakufa kwa tabia hii hii ya kumwona anayekudai kama msumbufu.

Chukueni Nakumatt, ile supamaketi ya Kenya. Ilianza na duka la magodoro kule Nakuru, na jina lake limetoka hapo. Huku kwetu, aliyevuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa akirudi na mfuko wake alionekana kama katoka Ulaya. Mwaka 2011 wakafungua Moshi, mwaka 2014 wakachukua maduka ya Shoprite Dar es Salaam na Arusha. Afrika Mashariki nzima walikuwa na matawi zaidi ya 60. Nani angedhani? Kumbe wanafungua tawi juu ya tawi kwa mikopo, na wanaowaletea bidhaa wanazungushwa malipo, njoo wiki ijayo, njoo mwisho wa mwezi. Mwenye maziwa akaacha kuleta maziwa, mwenye unga akaacha kuleta unga. Kufika 2017 rafu zikawa tupu, picha zikajaa magazetini. Januari 2018 mahakama ya Kenya ikaiweka chini ya msimamizi wa mufilisi, na Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura ifungwe. Deni lilikuwa limepita shilingi bilioni 30 za Kenya. Mimi nawafikiria wale wadogo waliopeleka mali kauli, mtu kapeleka mayai yake, kapeleka mikate yake, akaambulia kusimama mlangoni na ankara mkononi. Hao nani aliwapazia sauti na kuwaambia wanasimamisha watu?

Uchumi nayo, supamaketi iliyoanzishwa na serikali ya Kenya miaka ya sabini, ilifungwa 2006, ikafufuliwa, halafu Oktoba 2015 ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda kwa mpigo. Waja leo, waondoka leo, hilo tunaliimba sisi watu wa Tanga kuhusu mji wetu, lakini supamaketi ndizo zinazolitimiza.

Na msidhani nawasema Wakenya. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, serikali yetu ilitaifisha kampuni kubwa za biashara, likazaliwa STC, shirika la biashara la serikali, na miaka ya sabini kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, zile RTC ambazo wazee wenzangu mnazikumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya themanini sukari na sabuni zilikuwa adimu nchi nzima, na aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka lolote alikuwa mfalme, ukimjibu unakosa. Sasa bidhaa zimejaa, Ngamiani kila mlango ni duka, na bado kijana ananisemesha kwa sauti ile ile ya kifalme! Mangi wa mtaani kwangu Makorora akikosa mia mbili ya chenji anaandika kwenye daftari, kesho nikipita ananiita mwenyewe. Hana kiyoyozi, hana mashine ya risiti.

Niseme haki kidogo. Duka ni safi, bei ya mafuta ya kupikia ni nafuu kuliko sokoni, na yule binti keshia huenda ofisi haikumpa sarafu asubuhi. Kama ndivyo, kosa ni la ofisi, yeye namsamehe.

Lakini ngojeni niwaambie ilivyoisha. Nilikataa kuondoka. Dada mmoja wa nyuma yangu akasema, "Mpeni mama wa watu hela yake." Msimamizi akaenda mashine ya pili, hatua tatu tu, akarudi na sarafu tatu za mia, akaziweka kaunta bila kunitazama. Zilikuwepo! Muda wote zilikuwepo, na droo imejaa! Sasa nimsamehe nani? Hata ile ya kusema duka safi naona nimewapendelea. Kama si kijana wa nyama ningewapa sifuri.

Wenye mgonjwa wa sukari nyumbani, unga ule sijauona kwingine hapa mjini, kwa hiyo mtakwenda, na mimi nitarudi kwa ajili ya mume wangu. Upo mwisho wa rafu ya nafaka, chini kabisa, angalieni tarehe ya kuisha. Mkipewa pipi, zirudisheni kaunta na msisogee.