Sufuria 24, chupa mbili za chai na leza ya Majengo

Mke wangu na wenzake wanakodisha vyombo vya shughuli, na kila harusi ikiisha ugomvi ni uleule: sufuria yetu imeondoka na nani? Rangi ya mafuta waliyokuwa wanapaka vishikioni haimalizi mwezi, stilwulu inaikwangua yote. Basi nikatumwa Dodoma mjini na sufuria 24 za aluminiamu, mifuniko yake, na chupa mbili za chai za stenlesi, hadi fremu moja mitaa ya Majengo wanakochonga majina kwa leza.

Bei: sufuria Sh 1,500, mfuniko 1,000, chupa ya chai kwa maandishi meusi 6,000. Jumla 72,000, nikalia hali, wakanipunguzia hadi 65,000. Kwa herufi tatu na namba, sufuria moja haikumaliza nusu dakika. Kazi kubwa ilikuwa kuzishusha kwenye bajaji.

Mimi ni fundi wa maabara ya shule ya sekondari, kwa hiyo sikukaa kwenye benchi la wateja. Nilisimama nyuma ya kijana anayeendesha mashine nikamtazama. Anapandisha na kushusha kichwa cha mashine mpaka vidoti viwili vyekundu vikutane juu ya bati. Hapo ndipo mwanga utakapokusanyika. Kisha anakanyaga pedali. Unasikia mluzi mwembamba, unaona cheche ya bluu-nyeupe ikikimbia, na nyuma yake herufi imeshakaa. Ubavu wa sufuria umepinda, kwa hiyo herufi za pembeni zingetoka hafifu; yeye alikuwa anaigeuza kidogo kidogo kwa mkono. Hapo nampa sifa zake.

Kibandiko cha mashine kinasema wati 20. Pasi ya solda ya fundi redio inaweza kuizidi! Siri ni kwamba haitoi mwanga mfululizo. Kijana alikuwa ameiweka mapigo 20,000 kwa sekunde, kila pigo nanosekunde 100 hivi, yaani sehemu moja ya milioni 10 ya sekunde. Piga hesabu: katika sekunde nzima inawaka milisekunde 2 tu, 998 zilizobaki imenyamaza. Nguvu yote ya wati 20 inabanwa kwenye hizo mbili, ndani ya pigo ikafika wati 10,000, kama pasi kumi za nguo zimeelekezwa kwenye nukta isiyozidi unene wa unywele. Aluminiamu inarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, lakini kwa nguvu hiyo hata kile kidogo inachomeza kinatosha: inayeyuka, inachemka, mvuke wake unawaka. Kabla joto halijasambaa, pigo limekwisha. Niligusa bati pembeni ya herufi muda huohuo, vuguvugu tu.

Nilikuwa na lenzi ya mkono ya mara kumi mfukoni. Nikaona vishimo vya duara vimepandiana kama magamba ya samaki, kila kimoja na ukingo ulioinuka. Mtu wa Dodoma anaijua picha hiyo: matone ya kwanza ya mvua ya Desemba yakipiga vumbi la uwanjani.

Umeme ulikatika tukiwa kwenye mfuniko wa tisa. Uliporudi, mwenzake alikuwa ameshauinua kuuangalia, akaurudisha pembeni kidogo, namba 9 ikatoka pacha. Waliniondolea bei ya mfuniko huo bila ubishi.

Nilipogomba ni kwenye macho. Fundi amevaa miwani ya kijani, wateja hatuna kitu, na mtoto wa jirani amening'inia mezani. "Mzee, wewe angalia pembeni tu," akaniambia. Mdogo wangu, mwanga wa mashine hii una urefu wa wimbi wa mikromita 1.06, jicho haliuoni, ila lenzi ya jicho inaukusanya kwenye retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, vizuri kabisa. Ukirudishwa na bati linalong'aa, utakuja kujua baadaye kwamba umepigwa. Nilipokwenda mara ya pili walikuwa wameziba mbele kwa plaiwudi. Miwani ya wateja bado.

Sasa hizo chupa za chai, ambazo ndizo zilizonirudisha. Maandishi meusi juu ya stenlesi hayachongwi, yanaunguzwa: mapigo yanasongamana na mwendo unapungua, joto linapata nafasi ya kujikusanya, uso wa chuma unashika oksijeni na kuwa mweusi. Yanapendeza sana siku ya kwanza. Lakini stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya ngozi nyembamba ya oksidi ya kromi, na joto hilo linaiharibu. Kwetu tunaoshea maji ya kisima yenye chumvi. Wiki ya tatu herufi zote zilikuwa zinalia machozi ya kahawia. Nikasugua kwa ndimu, kutu ikaondoka, wiki iliyofuata ikarudi.

Fundi aliniuliza kama ipo leza isiyounguza kabisa. Ipo, ila si ya Majengo. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou walitafuta njia ya kukuza pigo fupi bila kuvunja mashine: unalivuta lirefuke, unalikuza, halafu unalibana tena. Wakapewa Nobeli ya fizikia 2018. Mapigo ya femtosekunde (sehemu moja ya milioni ya nanosekunde) ni mafupi kiasi kwamba elektroni zinapokea nishati na pigo linakwisha kabla hazijawagawia atomi joto. Ndiyo maana madaktari wa macho wanakatia konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho. Kijana akacheka: "Hiyo utachongea chupa ya chai kwa bei gani, mwalimu?"

Kwa hiyo sufuria nyota tano, chupa za chai mbili, usalama moja na nusu kwa ajili ya plaiwudi. Kama una stenlesi, kataa weusi, omba maandishi ya kijivu ya haraka.

Na za aluminiamu, tulizilalamikia mwanzoni kwamba maandishi yamepauka. Zimeshapikia harusi mbili na msiba mmoja juu ya kuni. Stilwulu inaondoa masizi ya juu, ya ndani ya vile vishimo yanabaki. Herufi sasa ni nyeusi tii, na hakuna aliyetutoza 6,000.