Uzoefu wangu na fundi wa kuondoa maotea, Tabora mjini

Nimeridhika na huduma hii, ila si kwa kila kitu. Naandika kwa sababu huku Cheyo naona miti mizuri ikifyekwa maotea, yaani machipukizi yanayotoka chini ya shina na mizizini, kwa panga, na mvua za Novemba zikianza tu, chini ya shina panakuwa kichaka.

Kwangu kuna mjakaranda mbele ya baraza, mwarobaini kando ya ukuta, na getini mawaridi ya kubebeshwa, yaani waridi moja limeunganishwa juu ya shina la waridi lingine. Mjakaranda ulikatwa kilele kuepusha nyaya za umeme, ukajibu kwa kuchipua chini. Mwarobaini ulijeruhiwa mizizi wakati wa kuchimba mtaro wa bomba la maji, na maotea yakaibuka hadi mbali na shina.

Fundi hakuja na panga. Alikuwa na mkasi wa kupogolea na msumeno mdogo wa kukunja. Alipiga magoti, akafukua udongo kwa vidole mpaka akapaona pale chipukizi linapotokea kwenye mzizi. Yaliyo laini aliyavuta kwa kuyakandamizia chini, yakang'oka na kitako chake. Yaliyokomaa aliyakata sambamba na mzizi bila kuacha kisiki. Kisha akanionyesha kisiki cha zamani, kinene kama kidole gumba, kimezungukwa na macho yaliyokwisha kuchipua. "Mama, ukikata juu ya udongo macho yote yanabaki," akaniambia. Hapo nilielewa kwa nini kufyeka kunazidisha.

Kwenye mawaridi ndipo alipoistahili pesa yake. Alitafuta uvimbe wa pale yalipobebeshwa, akaondoa kila kilichotoka chini yake, kwa kuwa hicho ni cha shina la chini, si cha ua nililonunua. Ukikiacha kina nguvu kuliko kilichobebeshwa, na taratibu kinakimeza. Wenye miembe ya kubebeshwa nao waangalie hapohapo.

Nilimwuliza kama anaweza kupulizia dawa ya magugu ili tumalize kazi. Alikataa. Maotea ya mzizini na mti mama hutumia mizizi ileile, kwa hiyo dawa ya glaifoseti ikiingia kwenye chipukizi inaweza kuufikia mti wenyewe. Fundi anayekataa kazi ya haraka namna hiyo namheshimu sana.

Malalamiko ninayo. Mkasi alitaka kuutoa kwenye mwarobaini moja kwa moja hadi kwenye mawaridi bila kuufuta, na nikamletea spiriti mwenyewe. Ugonjwa unahama na chuma, na kwa mtu anayezunguka nyumba za watu hilo lilipaswa kuwa jambo la kwanza. Matawi nayo aliyaacha ukutani, kumbe kuyabeba hakumo kwenye bei. Nililipa elfu thelathini kwa kazi yote.

Mawaridi mpaka sasa yako safi. Mjakaranda umechipua kidogo. Mwarobaini bado unasukuma, na hilo alinionya mapema: mzizi uliojeruhiwa hauachi kwa mara moja. Naupitia kila ninapomwagilia, nayang'oa kwa kidole yakiwa bado mekundu na laini.

Mwenye mti mmoja usiobebeshwa anaweza kufanya mwenyewe. Mwenye mawaridi ya kubebeshwa namshauri amwite fundi kiangazi hiki, na wakubaliane kabisa kabla ya kuanza nani atabeba matawi.