Jagwa Music live: nimewaona uswahilini, ukumbini na Busara

Mara ya kwanza nawaona Jagwa, bendi ya mnanda ya Dar, ilikuwa Mwananyamala, kuna mama jirani yetu alikuwa anamuoza binti yake akaleta mnanda (muziki wa mtaani wa kinanda na ngoma) wa kukesha, kigodoro kabisa. Kilichonitoa ndani wala haikuwa muziki, ilikuwa harufu ya maboksi yanaungua. Natoka nakuta dogo kawasha moto pembeni ya mtaro anapasha ngoma, anaisogeza kwenye moto, anaigonga kwa vidole viwili, anatega sikio, bado, anairudisha tena. Ngoma moja moja hivyo hivyo bila haraka, na nyuma yake wenzake wanafunga spika za honi, zile zenye mdomo mpana, kwenye nguzo za turubai.

Halafu kinanda. Hiki naomba nikielezee vizuri maana ndo roho ya mambo yote. Ni Casio ndogo ya zamani, zile zilizoanza kutoka miaka ya 1980, vitufe vyake vifupi mno kiasi kwamba mtu mzima vidole vinabanana. Kile cha siku ile kilikuwa kimekazwa na ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli ili kifuniko cha betri kisidondoke, vitufe viwili vimeng'oka kabisa, na jamaa kakipakata mapajani anapiga kwa vidole vitatu vinne tu lakini vinakimbia balaa. Waya unatoka pale unaingia kwenye amplifaya, amplifaya inapeleka kwenye honi, na kwa vile vyote vimefunguliwa mpaka mwisho sauti inatoka imechanika, inakwaruza. Mi mwanzoni nilidhani spika mbovu. Sio mbovu! Ndo sauti yenyewe wanayoitaka, ule mkwaruzo ndo unaofanya kinanda kisikike juu ya ngoma zote zile, ukiusafisha umeua wimbo.

Ilipoanza sasa, yaani hakuna cha "wimbo umeisha tupige makofi", wimbo mmoja unaenda unaenda, mwimbaji anatupa maneno kama anagombana na mtu, kuna jamaa anapiga kigoda (ndio, kigoda, kiti cha kukalia) kwa fimbo mbili, ngoma kubwa inajibu, kinanda kinazunguka palepale halafu ghafla kinaruka, watu wanapagawa. Akina mama wanaingia kati na khanga kiunoni, noti zinamwagwa, mwimbaji akitunzwa anamtaja aliyemtunza humohumo ndani ya wimbo bila kutoka kwenye mapigo. Na maneno yao ukiyasikiliza ni maisha ya mtaani kabisa, madeni, madawa, mapenzi ya kuumizana, kurogana, mtu kakimbiwa na ndugu zake. Kuna mzee mmoja alikuwa kakaa kwenye tofali pembeni yangu anatikisa kichwa tu, nikamuuliza baba vipi, akaniambia "huyu anayesemwa hapa mimi namjua".

Kwa wasioujua, mnanda ndo huohuo mchiriku. Umetoka kwenye ngoma za Wazaramo na chakacha, ile ngoma ya pwani, ukashika moto Dar mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sababu yake ni rahisi tu, bendi ya dansi inataka magitaa, tarumbeta, ukumbi na bosi wa kununua vyombo, sasa kijana wa uswahilini hivyo atavitoa wapi? Alichokipata ni kinanda cha kuchezea watoto na ngoma za nyumbani, akavipigia honi. Jagwa wametoka humo na wanaendelea mpaka leo. Mwaka 2012 albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji, lebo ileile iliyowatoa Konono N°1 wa Kinshasa wale wa likembe (kile kinanda cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba) na spika za kujitengenezea, na ukisikiliza hao wawili unaelewa kabisa kwanini walikaa nyumba moja. Na hawa wanaocheza singeli sasa hivi, singeli imetoka tumboni mwa mnanda, walichokifanya ni kuikimbiza tu zaidi.

Mara ya pili ndo iliyoniuma. Ukumbi mmoja wa mjini, jina naliacha, kiingilio elfu kumi, viti vya plastiki vimepangwa mistari kama mkutano wa wazazi. Fundi mitambo wao akakataa honi zisifungwe, akasema zinaharibu sauti ya ukumbi. Kinanda akakiunganisha moja kwa moja kwenye mashine yake, akapunguza huku, akasafisha kule, ngoma akaziwekea maiki akazishusha, mwisho wa siku tukasikia kinanda kinalia tii tii tii kama toi kweli. Watu wamekaa. Mwimbaji alifanya kila kitu, alishuka chini, alipanda juu ya kiti, jasho linamtoka, lakini hamna namna, umeshamtoa mtu meno halafu unamwambia atafune. Baada ya dakika arobaini walinzi wanawasha taa. Mi sikuwalaumu bendi hata kidogo, niliwaonea huruma, na kuna wageni walikuwa wanawasikia mara ya kwanza wametoka pale wakijua Jagwa ndo wale.

Busara, yaani tamasha la muziki la Sauti za Busara kule Zanzibar, ilikuwa tofauti. Niliogopa kweli nikajua yatakuwa yaleyale maana ni tamasha kubwa, Ngome Kongwe, mataa, watu wa dunia nzima, lakini kumbe pale sheria yao ni kila msanii apige live, hakuna cha kuwasha CD na kuimba juu yake, na mafundi wao wanajua kusikiliza mtu anataka nini. Mkwaruzo uliachwa. Kigoda kilisikika mpaka nje Forodhani nadhani! Mbele kulikuwa na vijana wa Kizanzibari, Wazungu, akina dada wa Dar waliovuka na boti asubuhi, wote wanaruka, na kuta zile za mawe zilikuwa zinarudisha sauti kama tuko uchochoroni. Niliyoikosa ni ile nafasi ya kusogea karibu, jukwaa liko juu, huoni vidole vya mpiga kinanda wala huwezi kumtunza mtu, na muda wao ukaisha pale ambapo uswahilini ndo kwanza wangekuwa wanapata moto. Lakini nilirudi nimeridhika.

Kwahiyo kama unataka kuwaona, ushauri wangu usisubiri tamasha wala usikimbilie ukumbi wenye viti. Tafuta shughuli ya mtaani, ulizia Mwananyamala, Tandale, Manzese, ukikuta turubai limeziba barabara na honi zinaning'inia umefika. Usiende kabla ya saa nne usiku maana ngoma zitakuwa bado ziko kwenye moto. Simama upande wa kinanda, sio mbele ya honi, mi nilisimama mbele ya honi masikio yakapiga kengele siku mbili. Maneno hutayashika yote mara ya kwanza, kwa mkwaruzo ule hata mtu wa Dar anaachwa, mwombe mtu wa mtaa akwambie wanamsema nani. Simu weka mfuko wa ndani. Na watoto wadogo waache nyumbani, vigodoro vikifika saa nane vinakuwa vingine.

Ah na kutunza, hii watu wa ukumbini hawaijui. Noti mpe mkononi au mbandike kwenye paji la uso, ukimrushia chini kama mfupa umemkosea heshima, na wakati unampa mwambie jina lako sikioni, utalisikia kwenye honi mtaa mzima. Mi Jumamosi kuna shughuli Tandale, nimeambiwa wao ndo wanapiga, nimeshachenji elfu ishirini yote kwa buku buku.