Krismasi nimekula Nairobi, mlima wa kwetu nikaukuta kwenye treni

Kwanza mnisamehe, Desemba hii sikwenda Same. Najua, najua, Mpare kukosa kwao Desemba ni kesi, mama alininunia tangu tarehe 20, lakini dada yangu anaishi Nairobi na alikuwa ametoka kujifungua, nikasema ngoja mwaka huu nikale sikukuu huko. Sasa Nairobi wikiendi ya Krismasi kama hujawahi kuiona, mji unabaki mweupe, watu wote wameenda ushago, na waliobaki wamejazana kwenye mamoli na watoto wao. Tulijaribu moja siku ya kwanza, foleni ya bembea tu ilitula saa nzima na mpwa wangu wa miaka 9 akabembea dakika tatu. Nikamwambia dada kesho nipe huyu kijana, nampeleka kwenye mambo ya watu wenye akili zao.

Mambo yenyewe ni treni. Mimi ni mgonjwa wa treni toka utoto, reli ya Tanga kwenda Moshi inapita pale Same ila miaka tunakua ilikuwa haina treni ya abiria hata moja, tulikuwa tunatembea juu ya mataruma tu tunaenda kutafuta kuni, abiria wamekuja kurudishiwa Desemba 2019. Labda ndio maana. Mtu unayemnyima kitu ndio anakipenda.

Basi tukaenda Makumbusho ya Reli, Nairobi Railway Museum, iko nyuma nyuma ya stesheni ya zamani, unafuata njia ndefu hivi mpaka unadhani umepotea halafu unakuta vichwa vya treni vimepanga foleni juani. Ilianzishwa 1971, enzi reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika 1977. Hilo likumbuke maana ndio utamu wote wa hii sehemu. Kiingilio tulichotoa hakifiki hata nusu ya hela iliyokwenda kwenye chipsi siku ya moli.

Ndani kwenye jengo kuna picha, modeli za treni na meli, vyombo vya kulia vya mabehewa ya zamani, na kile kiti walichokuwa wanakifunga mbele ya injini wageni wakubwa wakae waangalie wanyama, na wengine wawapige risasi wakiwa humo humo, Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikalia alipokuja 1909. Mpwa wangu alikiangalia akauliza, mjomba, akidondoka je? Sikuwa na jibu.

Halafu kuna lile behewa la simba. Hapa watu wengi wanachanganya, wanasema ni simba wa Tsavo, sio. Wa Tsavo ni 1898, walikula wajenzi wa reli. Hili behewa ni la stesheni ya Kima, Juni 1900, afisa wa polisi anaitwa Ryall alikuja kumwinda simba aliyekuwa anakula watu pale stesheni, wakalala na wenzake wawili ndani ya behewa yeye akiwa ndio mlinzi, usingizi ukampitia, simba akaingia akamuua akatoka naye dirishani. Ukisimama pembeni ya hilo behewa ukaona lilivyo dogo, ukawafikiria watu watatu na simba humo, mwili unasisimka. Mpwa akataka nirudie hiyo stori mara nne. Dada amenilaumu usiku wake.

Lakini mimi moyo wangu ulikuwa nje, kwenye Garratt. Kama hujui Garratt ni mnyama gani, ni kichwa cha treni kimoja chenye injini mbili, moja mbele moja nyuma na boila limebebwa katikati kama jeneza kubwa, hivyo uzito unasambaa na kwenye kona linajikunja. Zile za daraja la 59 zilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa 34 tu, kila moja tani 252 na urefu karibu mita 32, na kwa reli za upana wa mita moja hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuzishinda ukubwa duniani. Zilikuwa zinavuta mizigo kutoka Mombasa kupanda mpaka Nairobi. Tulihesabu magurudumu na mpwa, 14 upande mmoja, tukazunguka tukahesabu na upande wa pili kuhakikisha. Akapiga jicho kule anakokaa dereva akauliza usukani uko wapi. Nikacheka, nikamweleza treni haina usukani, reli ndio inayoamua, dereva kazi yake ni mvuke na breki, akaniangalia kama namdanganya.

Na hizi injini zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki yote. Ile ya 5918 inaitwa Mount Gelai, ule wa kule Ziwa Natron, ilifufuliwa 2001 ikatembea tena. Pembeni kuna injini za daraja zingine zenye majina ya makabila, nimeona Nyaturu, nikampigia picha rafiki yangu wa Singida. Nikasogea kwenye ya 5930, nasoma ubavuni: Mount Shengena.

Jamani. Shengena! Mlima wa kwetu, kule Chome, ambao nikimwambia mtu wa Dar ananiuliza ndio wapi huko. Nimesafiri siku nzima kuukimbia nakuja kuukuta umeegeshwa Nairobi, una magurudumu 28. Nilikaa pale chini kama nusu saa, mpwa kaenda zake kuangalia vijana wanaochora grafiti humo humo ndani ya kiwanja.

Ushauri kwa wagonjwa wenzangu: nendeni asubuhi, nje kivuli hakuna na lile chuma likishika jua huligusi. Kofia, maji, viatu vya kufunika vidole. Masaa mawili yanatosha kwa mtu wa kawaida, sisi tulikaa manne. Na mtu ambaye treni hazimsisimui usimlazimishe, atakuharibia siku, shemeji yangu tulimwacha nyumbani na mtoto na kila mtu alifurahi.

Picha ya lile jina nilimtumia mama, nikaandika "nimefika Shengena." Voisi ikarudi saa hiyo hiyo, siku ya kwanza tangu aninunie: "Haya, kama umefika mbona sikuoni, ugali unapoa."