Uzoefu wangu na OpenKneeboard ndani ya DCS World

Anayerusha ndege za kivita za DCS World, mchezo wa kompyuta unaoiga urushaji wa ndege, akiwa amevaa miwani ya uhalisia pepe hawezi kusoma karatasi iliyo mezani, na kuivua miwani hiyo wakati rada ya adui imeshamnasa ni kujitakia kuangushwa. Ndiyo maana naithamini sana OpenKneeboard, programu ya Windows isiyolipiwa, ambayo huchukua faili za PDF na picha ulizoandaa na kuzionyesha ndani ya chumba cha rubani, mfano wa daftari ambalo marubani halisi hulifunga pajani.

DCS yenyewe ina daftari lake, ambalo hufunguliwa kwa kitufe cha K na kuongezewa kurasa kwa kuweka picha kwenye folda ya ndege husika. Kwa anayetumia kioo cha kawaida, hilo linatosha. Kilichonivutia katika OpenKneeboard ni kwamba maelezo ya misheni na kumbukumbu za mawasiliano ya redio hukaa pamoja na nyaraka zako, na mwenye kibao cha kuchorea huweza kuandika kwa kalamu akiwa angani. Nikitajiwa redioni mahali ilipo shabaha, naandika papo hapo.

Hata hivyo, programu haimsaidii anayeijaza nyaraka zisizosomeka. Ipo miongozo ya ndege ya kivita ya F-16C yenye mamia ya kurasa, mizuri kwelikweli kwa kujifunzia, lakini ukiwa futi 500 juu ya ardhi hakuna nafasi ya kupekua. Mimi huandaa ukurasa mmoja wa herufi kubwa kwa kila hatua ya safari. Ule wa uwanja wa Batumi, katika ramani ya Caucasus, una TACAN (redio ya kuongozea ndege hadi uwanjani) 16X, ILS (mawimbi ya kuongozea ndege inapotua) 110.30, masafa ya mnara wa kuongozea ndege 131.0, na ukumbusho kwamba tunatua njia ya 13 tukitokea baharini na kuruka kwa njia ya 31 kurudi huko huko, kwa sababu upande wa pili ni milima. Chini yake ni uwanja wa akiba, Kobuleti, TACAN 67X.

Ukurasa wa njia ndio unaostahili muda wako mwingi. Huupanga kwa mwendo wa noti 480 (maili za baharini kwa saa), kwa kuwa huo ni sawa na maili 8 za baharini kila dakika: kipande cha maili 40 ni dakika 5, na anayechelewa sekunde 30 anajua mara moja kwamba yuko nyuma kwa maili 4. Mafuta huyahesabu kinyumenyume, kuanzia uwanja wa kutua hadi kwenye shabaha, ili kila kituo kiwe na kiwango chake cha chini cha mafuta ya kurudi.

Anayeanza namshauri aunganishe vitufe vya kufungulia kurasa na usukani wa ndege kabla ya safari ya kwanza, ili asilazimike kupapasa kibodi asiyoiona.